Mbao Kuukuu Juu ya Meza Yetu: Dari la Stockholm na Boriti za Lamu

Kazi ya uuguzi imenifundisha jambo moja ambalo sikulisoma katika kitabu chochote: mgonjwa huangalia dari. Sisi tuliosimama tunaona kitanda, dripu na shuka. Yeye aliyelala chali anaona dari, asubuhi mpaka usiku. Katika wodi ninayofanya kazi hapa Stockholm, mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo aliniambia kwamba ameyajua madoa ya dari lile kuliko anavyowajua majirani zake. Nilicheka kwa adabu. Nilipofika nyumbani baada ya zamu ya usiku nikajitupa kwenye kochi, nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikaliona dari langu mwenyewe. Zege jeupe. Ufa mwembamba karibu na taa. Basi.

Miezi ile ile mama yangu alikuwa naye amelala chali, Lamu, kwa kuvunjika nyonga. Kila nilipompigia simu ya video nilimwona yeye, na juu yake niliziona boriti nilizokulia chini yake. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nimezihesabu. Ziko kumi na nne. Ya saba imeanza kunena usiku." Alimaanisha kwamba inalia, kama mti unaotaka kukatika.

Makala haya ni ya dari. Nitaeleza jinsi nilivyoweka mbao kuukuu kwenye dari la sebule yetu, hatua kwa hatua, pamoja na makosa niliyofanya, ili wewe unayefikiria jambo kama hilo usiyarudie. Lakini siwezi kuueleza mradi huo bila kuitaja boriti ya saba, kwa sababu hayo mawili yalikuja pamoja na yalilipwa kutoka mfuko mmoja.

Dari linalobeba na dari linalobebwa

Aliyekulia katika nyumba ya mawe ya Lamu anajua kwamba pale dari si pambo. Boriti ni miti ya mikoko, mizito na migumu, iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake hupangwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa, na juu ya chokaa watu wanatembea. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: upana wa chumba ni urefu wa boriti, nao ni kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ukitaka chumba kipana zaidi, tafuta mkoko mrefu zaidi, na haupo. Ukilala chini ya dari la namna ile unajua ni nini hasa kinachokuzuilia nyumba isikuangukie.

Nyumba yetu ya Stockholm iko Bredäng, kusini-magharibi mwa jiji, kwenye njia nyekundu ya treni ya chini ya ardhi. Majengo mengi ya hapa ni ya miaka ya 60, ya zege, imara na yasiyo na mbwembwe. Dari liko mita mbili na nusu kutoka sakafuni. Halihitaji msaada wa ubao wowote. Mbao nikiziweka pale zitakuwa mapambo tu: dari la Lamu linabeba nyumba, langu lingebebwa na nyumba.

Hata hivyo niliyataka. Nimeishi Sweden miaka kumi na moja. Nilikuja na stashahada ya uuguzi kutoka Mombasa, nikajifunza Kiswidi, nikarudi darasani kusomea shahada ya uuguzi hapa, kisha nikapata leseni. Miaka yote hiyo tuliishi kama watu wanaosubiri gari kituoni. Picha hatukutundika, maana "tutahama." Pazia nzuri hatukununua, maana "tutarudi." Binti yetu ana miaka saba, na nyumba pekee anayoijua imekaa kama chumba cha wageni. Desemba, jua linapozama kabla ya saa tisa alasiri na taa kuwaka juu ya zege lile jeupe, hata supu hupoa haraka. Nilitaka mbao juu ya vichwa vyetu tunapokula. Nilitaka watoto wainue macho waone kitu kilichowahi kuishi.

Mume wangu, mtu wa Tanga, alinisikiliza akasema, "Mama watoto, fanya. Lakini kwanza piga hesabu."

Nikapiga. Sebule ina mita za mraba 24. Mbao, mbao nyembamba za kushikilia ambazo mafundi wetu huziita papi, skrubu, fundi wa umeme, fundi seremala wa siku mbili na vifaa vya kukodi: karibu kroni 23,000. Fedha hizo nilikuwa nazo, nimeziweka kidogo kidogo kutokana na zamu za usiku.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia dada yangu mkubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe wapamba dari la ugenini, na la mama lataka kumwangukia."

Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu halikuwa la kweli lote. Miaka michache nyuma nilituma fedha nyumbani za kujengea ukuta wa ua. Ukuta haukujengwa, na fedha hazikurudi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikituma za dawa na chakula bila kuchelewa, lakini neno "ujenzi" likitajwa mkono wangu unakuwa mzito. Nadhani wengi wetu tunaoishi huku tunaujua mkono huo.

Barua kwa uongozi wa jengo

Nyumba yetu ni bostadsrätt. Kwa asiyejua utaratibu huu: jengo ni mali ya ushirika wa wakazi, nawe unanunua sehemu inayokupa haki ya kuishi katika nyumba fulani. Ndani una uhuru mwingi wa kupaka rangi au kubadilisha kabati. Lakini sheria inataka upate idhini ya uongozi wa ushirika kabla ya kugusa kuta zinazobeba jengo, mabomba ya maji, ya joto au ya maji machafu, au kufanya badiliko lolote kubwa. Tangu mwaka 2023 sheria inataja waziwazi pia mabadiliko ya mfumo wa hewa na yale yanayoathiri kinga ya moto. Ukiwa umepanga, usifanye lolote kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi.

Mimi nilidhani mbao chache darini si jambo la kuombea ruhusa. Mume wangu ndiye aliyesisitiza tuandike. Tukaandika barua ya nusu ukurasa na mchoro mmoja.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, nalo lilikuwa hapana. Sababu haikuwa uzito wala kelele. Ilikuwa moto.

Barani Ulaya vifaa vya ujenzi hupangwa katika madaraja kwa jinsi vinavyoshika moto, kuanzia A mpaka F. Mbao za kawaida zisizotiwa dawa ziko daraja D. Dari la jengo la ghorofa nyingi, kwa kanuni za Sweden, kwa kawaida linatakiwa liwe na uso wa daraja B. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Moto hupanda. Joto la sufuria iliyosahaulika jikoni hukusanyika juu kabla ya kufika popote pengine, na dari likishika moto, moto husambaa chumba kizima juu ya vichwa vya watu huku sakafu bado ikipitika. Juu yetu anaishi bibi mmoja anayetembea kwa mkongojo. Mimi nimewahi kuwahudumia watu waliovuta moshi. Nilipomaliza kuisoma barua ile niliona aibu kwamba swali hilo sikulifikiria mimi mwenyewe.

Barua iliacha mlango mmoja wazi. Sehemu ndogo ya dari, chini ya moja ya tano, ingeweza kukubaliwa, mbali na jiko, iwapo tungeleta vipimo. Zipo pia dawa za kupaka mbao ili zisishike moto kwa urahisi, lakini dawa hiyo lazima iwe na cheti, na fundi athibitishe kwamba imepakwa ipasavyo. Kwa mbao kuukuu ambazo kila moja ina unene wake na historia yake, njia hiyo ilituzidi.

Tukapima upya. Meza yetu ya chakula iko kwenye kona ya mbali na jiko. Juu yake tungeweka mbao tisa, kila moja yenye urefu wa mita 2.1 na upana wa sentimita 20 hivi. Jumla ni mita za mraba zisizofika nne, yaani kama asilimia 16 ya dari lote. Idhini ikaja kwa maandishi. Nimeihifadhi pamoja na mkataba wa nyumba, kwani siku tukiuza, mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Mbao zinatoka wapi

Nikiri kwamba ndoto yangu ya kwanza ilikuwa boriti, au mbao za jahazi kuukuu kama zile mafundi wa pwani wanazotengenezea viti na meza. Ndoto hiyo niliiacha mapema. Kwa karne nyingi majahazi yalipeleka boriti za pwani yetu Uarabuni, kulikokuwa na uhaba wa miti ya kujengea, lakini Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Lamu ndiko kwenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko hiyo inazuia bahari isile ardhi na inalea samaki tunaowala. Mkoko uliokatwa kihalali heri ubaki Lamu, ubebe paa la mtu wa Lamu.

Sweden yenyewe imejaa mbao kuukuu. Mabanda ya mifugo yasiyotumika hubomolewa, na mbao zake za msonobari huuzwa. Tulizipata zetu kwa tangazo la mtandaoni, kutoka shamba moja upande wa Uppsala. Kuta za nje za banda lile zilikuwa nyekundu, ule wekundu unaouona kila ukitoka mjini. Rangi hiyo asili yake ni mgodi wa shaba wa Falun, na mgodi huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka ule ule ulioingizwa Mji wa Kale wa Lamu. Nilimweleza hayo mwenye shamba. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama Lamu nako kunanyesha sana.

Ukienda kununua mbao kuukuu, angalia mambo haya.

Kwanza, wadudu. Matundu madogo ya duara yenye ukubwa wa kichwa cha pini ni alama ya mbawakawa wanaokula mbao. Matundu ya zamani peke yake si tatizo. Gonga ubao juu ya karatasi nyeupe: ukidondoka unga mpya mweupe, wadudu bado wamo. Joto huwaua. Kanuni ya kimataifa ya mbao za vifungashio inataka kiini cha ubao kifike nyuzi joto 56 kwa dakika 30. Muuzaji wetu alikuwa ameshazipitisha mbao kwenye tanuri la kukaushia, na nilimwomba aandike hivyo kwenye risiti. Usiingize ndani ya nyumba yako, na ya jirani zako, ubao ambao hujui ulikotoka.

Pili, misumari. Pitisha sumaku kila upande. Msumari uliojificha utaharibu msumeno, au kidole.

Tatu, rangi. Hapa ndipo nilipokosea vibaya.

Vumbi

Baadhi ya mbao za kwanza tulizochukua zilikuwa na mabaki ya rangi nyeupe, kwani zilitoka kwenye fremu ya mlango. Jumamosi moja ya Oktoba mume wangu alikuwa kazini. Nikatandika turubai kwenye roshani, nikawasha mashine ndogo ya msasa, nikaanza kuuondoa weupe ule. Vumbi lilipaa. Nilikuwa nimevaa barakoa, kwa hiyo nilijiona mwangalifu. Mlango wa roshani sikuufunga vizuri. Nilipogeuka, mwanangu wa kiume wa miaka miwili alikuwa amekaa kizingitini, viganja vyeupe, kidole kimoja mdomoni.

Rangi nyeupe za zamani, hasa za milango na madirisha, mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo unaokua, na vumbi la msasa ndiyo njia nyepesi kabisa ya kuyaingiza. Nayajua haya. Nimeyasoma mara mbili, katika nchi mbili. Siku ile nilikuwa naujua ubao tu.

Nilizima mashine, nikamnawisha, nikamvua nguo, nikapangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, kisha nikapiga 1177, simu ya ushauri wa afya. Mtoto alipimwa damu. Majibu yalikuja baada ya siku kadhaa, na yalikuwa ya kawaida. Siku hizo sikulala, hata zile ambazo sikuwa na zamu. Nililala chali nikiangalia dari, nikijiuliza ni pambo gani hili lililokaribia kunigharimu mtoto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chukua hili hata ukiliacha jingine lote: ubao wenye rangi ya zamani usiupige msasa mkavu nyumbani. Kama hujui rangi ni ya nini, chukulia kwamba ina risasi. Sisi mbao zote zenye rangi tulizipeleka kituo cha taka, tukarudi shambani kuchukua zile za ukuta wa ndani wa banda, za kijivu, ambazo hazikuwahi kupakwa chochote. Hizo hatukuzipiga msasa. Tulizisugua kwa brashi ya nyuzi, maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya mbao, huko huko shambani, watoto wakiwa kwa jirani. Rangi yake ya kijivu ilibaki, uchafu ukaondoka.

Wengi hupaka mbao kuukuu mafuta ya kitani. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize kwenye maji. Sisi tuliziacha mbao zetu bila mafuta.

Na usisahau dari lenyewe. Sweden ilipiga marufuku matumizi ya asbesto mwaka 1982, hivyo jengo la zamani zaidi ya hapo linaweza kuwa nayo kwenye bodi, gundi au plasta. Uliza ushirika kama jengo limepimwa kabla hujatoboa. Letu lilikuwa limepimwa, na darini hakukuwa nayo.

Siku ya kupandisha

Mbao ziliingia sebuleni wiki mbili kabla ya kazi, zikalala sakafuni na vijiti kati yake ili hewa ipite. Hewa ya nyumba za huku wakati wa baridi ni kavu sana kwa sababu ya joto la ndani. Ubao uliotoka bandani husinyaa. Heri usinyae sakafuni kuliko ukiwa juu.

Uzito tuliupiga hesabu hivi. Msonobari mkavu una uzito wa kama kilo 500 kwa mita moja ya ujazo. Mbao zetu zina unene wa sentimita mbili, hivyo kila mita ya mraba ni kama kilo 10, na jumla ni kilo 38 hivi. Ongeza papi, tufikishe 45. Tulifunga papi nne, kila moja kwa skrubu nne za zege na plagi zake, yaani sehemu 16. Kila sehemu inabeba chini ya kilo tatu, kiasi kidogo mno kwa skrubu iliyoshika zege vizuri. Hata hivyo nilijining'iniza kwenye papi ya kwanza kwa mikono miwili kabla hatujaendelea.

Umeme hatukuugusa. Katika Sweden kazi ya nyaya zilizojengewa ndani ni ya fundi aliyesajiliwa, na ukiifanya mwenyewe bima inaweza kukukana siku ya moto. Fundi wetu alishusha kisanduku cha taa kikae sawa na uso wa mbao, mahali kinapofikika, akatuonyesha bomba la nyaya linapopita ndani ya zege ili tusilitoboe. Kama wewe ndiye mwenye nyumba na unalipa kodi, uliza kuhusu ROT, punguzo la kodi linalokurudishia sehemu ya gharama ya kazi ya ukarabati. Kwa kawaida ni asilimia 30 ya ujira wa fundi. Vifaa havihesabiwi.

Zege hupeleka sauti jengo zima, kwa hiyo tulibandika tangazo mlangoni siku tatu kabla: Jumamosi, saa nne mpaka saa nane mchana. Bibi wa juu alishuka mara moja tu, kuja kutazama.

Mpangilio wa kazi ulikuwa huu: pima na uchore mstatili darini kwa penseli. Toboa, huku mwenzako akishikilia mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi karibu na tundu, maana vumbi la zege nalo ni adui wa mapafu. Funga papi, uzisawazishe kwa pima maji. Kisha pandisha mbao moja moja kuanzia upande unaoonekana kwanza ukiingia, watu wawili juu na mmoja chini. Tumia skrubu, si misumari. Msumari unaoangalia chini huvutwa na uzito usiku na mchana, na mwaka baada ya mwaka hulegea. Acha nafasi ya milimita chache kati ya ubao na ubao ili zipumue.

Saa nane na robo tulikuwa tumekaa sakafuni tukila wali wa jana.

Hesabu ya mwisho

Mbao zilikula kroni 1,500. Papi, skrubu na plagi 700. Fundi wa umeme, baada ya punguzo, 2,100. Barakoa, sabuni, brashi na vitu vidogo 600. Jumla kroni 4,900, badala ya 23,000. Ile hapana ya uongozi wa jengo iliniachia kroni 18,100 mkononi, zaidi ya shilingi laki mbili za Kenya.

Sikuwa na kisingizio tena. Nilimpigia dada yangu, nikamwambia nitalipa boriti, lakini kwa utaratibu. Sikutuma fedha zote kwa mtu mmoja. Mwenye kuuza miti mwenye kibali nilimlipa mwenyewe kwa simu, baada ya kuiona miti kwenye picha. Fundi nilimlipa kwa awamu tatu, kila awamu baada ya picha. Nilitarajia dada akasirike kwamba simwamini. Alisema tu, "Ungalisema hivyo mapema, ningalikuwa nimekwisha kukupigia picha."

Naye alikwenda kuomba idhini kabla ya kazi, kwa sababu Mji wa Kale unahifadhiwa na nyumba zake hazifumuliwi kiholela. Nilicheka niliposikia. Mama na mimi, kila mmoja na barua yake ya ruhusa ya dari.

Boriti ya saba ilipotolewa, ncha yake iliyokuwa ndani ya ukuta ilikuwa imeoza kwa unyevu, mchwa wamemaliza moyo wote. Ya nane nayo ilikuwa njiani. Fundi alisema ingeweza kukaa mwaka mwingine, au wiki moja. Mama alihamia chumba cha dada kwa siku tisa, akalalamika kila siku, akarudi chini ya boriti mbili mpya nyeusi na kumi na mbili za zamani.

Sitakuambia kwamba kila mtu anayepamba nyumba huku anamdhulumu mtu nyumbani. Sikubali hivyo. Watoto wetu wanakua katika nyumba hizi, si katika ile tutakayojenga siku moja, na wana haki ya kukulia mahali palipopendwa. Ninachosema ni kwamba, kabla ya kulipamba dari linalobebwa, uliza habari za lile linalobeba. Kama kuna boriti inayonena usiku, isikilize kwanza. Mara nyingi inagharimu kidogo kuliko tunavyoogopa, na kinachotuzuia si fedha.

Jumapili iliyofuata tulimpigia mama tukiwa mezani. Binti yangu alichukua simu akaielekeza juu.

"Mbona ni kadogo?" mama akauliza.

Nikamweleza habari ya moto. Akaitikia, kisha akamwambia mjukuu wake, "Haya, nihesabie."

Binti yangu huwa ananijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kwa Kiswahili. Akainua kidole, akaanza. Moja, mbili, tatu. Kwenye sita alisita, bibi yake akangoja bila kumsaidia. Akaipata, akaendelea mpaka tisa. Halafu mama naye akageuza simu yake juu, na mtoto akaanza upya, mpaka kumi na nne.